Namna ya Kuutembelea Ukuta wa Hadrian na Kuusoma Ardhini

Anayekusudia kwenda kaskazini mwa Uingereza kuuona Ukuta wa Hadrian hana budi kujua mapema kwamba sehemu kubwa ya ukuta huo haionekani tena juu ya ardhi. Ulikuwa mpaka wa Dola ya Roma; ujenzi ulianza mwaka 122 kwa amri ya Kaisari Hadrian wa Roma, ukafanywa na askari wa lejioni tatu, yaani vikosi vikuu vya jeshi la Roma, na ulienea kilomita zipatazo 117 kutoka Wallsend, kando ya mto Tyne, hadi Bowness-on-Solway upande wa magharibi. Baada ya utawala wa Roma kukoma, wenyeji waliyachukua mawe yake kujengea makanisa, nyumba na mazizi, na katika karne ya 18 barabara ya kijeshi ilipitishwa juu ya msingi wake kwa masafa marefu. Kwa sababu hiyo, atafutaye mawe peke yake ataona vipande vipande. Ajifunzaye kuitazama ardhi atauona mpaka mzima.

Ni vyema kuanzia sehemu ya kati, ambako ukuta unapita juu ya majabali. Treni ya kati ya Newcastle na Carlisle husimama Hexham na Haltwhistle, na kutoka miji hiyo si mbali kufika ukutani.

Ukifika, tazama kwanza upande wa kaskazini, ambako Warumi walichimba handaki, isipokuwa pale ambapo genge lilitosha kuwa kinga. Kisha geukia kusini utafute handaki jingine lenye kitako bapa na tuta la udongo kila upande. Ndilo liitwalo Vallum. Asubuhi au jioni, jua likiwa chini, vivuli huyadhihirisha matuta hayo hata katikati ya malisho ya kondoo. Kila baada ya maili moja ya Kirumi, yaani karibu kilomita moja na nusu, palijengwa ngome ndogo, na kati ya ngome mbili palikuwa na minara miwili. Ukishaipata ngome moja, hesabu kama mita 500 ukifuata mstari wa ukuta, nawe utajua pa kuutafuta mnara.

Usipite Planetrees, karibu na Chollerford, bila kusimama. Kipande kilichobaki hapo ni kifupi, lakini kwa maoni yangu kinafundisha kuliko vingi vilivyo virefu. Inama uangalie chini: msingi ulitandazwa kwa ukuta wenye upana wa karibu mita tatu, ila ukuta uliosimamishwa juu yake ni mwembamba zaidi, hata ukingo wa msingi umebaki nje. Waliotandaza msingi walikuwa wametangulia, na mpango ukabadilishwa kabla wainua kuta hawajawafikia. Badiliko kama hilo linaonekana pia Housesteads, ambako msingi wa mnara umefukuliwa ndani ya ngome kubwa, kwa kuwa ngome hiyo iliongezwa mnara ukiwa tayari umeanzwa.

Vindolanda, ngome ya Kirumi iliyo kusini kidogo ya ukuta, pasikose katika safari yako. Huko, tangu mwaka 1973, zimefukuliwa mbao nyembamba zilizoandikwa kwa wino, zikiwemo barua za kabla ya ukuta kujengwa. Mojawapo ni ya Claudia Severa, mke wa kamanda wa Kirumi, akimwalika Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda mwingine, kwenye siku yake ya kuzaliwa. Wala mtu asidhani walinzi wote walitoka Italia: katika karne ya tatu, kikosi cha Wamauri wa Afrika ya Kaskazini kililinda ngome ya Burgh-by-Sands, upande wa magharibi wa ukuta.

Ukuta huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, na nyayo za wageni ni miongoni mwa vitu vinavyoutishia. Usipande juu yake, kwani mawe hulegea. Mkiwa wengi, tembeeni bega kwa bega juu ya majani badala ya kufuatana kwa mstari mmoja, ili msichimbe njia itakayofukua mabaki yaliyo chini. Majira ya baridi, udongo ukiwa umelowa, afadhali kuzuru ngome na majumba ya makumbusho kuliko kuimaliza njia yote kwa miguu. Ukiona kigae kimefichuliwa na mvua, kiache palepale, piga picha inayoonyesha mahali kilipo, kisha uwaarifu wahudumu wa ngome iliyo karibu. Mfukuaji hukadiria umri wa tabaka la udongo kwa vitu vilivyomo, na kigae kilichookotwa hakimsaidii tena kwa kazi hiyo.