Gemu za zamani kwenye runinga bapa: anza kwa kuondoa ucheleweshaji

Mimi ni wa enzi za runinga za chogo. Vijana wakiniambia gemu za miaka ya 1980 ni ngumu kupita kiasi, huwauliza kwanza wamezichezea wapi. Aghalabu ni kwenye runinga bapa ambayo haijaguswa mpangilio wake tangu itolewe kwenye boksi. Hapo sehemu kubwa ya ugumu imeletwa na runinga.

Runinga ya chogo ilichora picha papo hapo ishara ilipoingia. Runinga bapa huikamata picha, huipanua, hulainisha mwendo, hukoleza rangi, ndipo huionyesha. Kwa mtazamaji wa filamu haina neno. Kwa gemu ya Super Mario Bros. ya 1985, ambayo unamwongoza Mario akikimbia na kuruka mashimo, ni balaa. Gemu ile huenda kwa fremu, yaani picha moja moja, 60 hivi kwa sekunde, na Mario akikimbia kwa kasi yake yote husogea pikseli (nukta za picha) 2.5 kila fremu. Runinga ikichelewa milisekunde 100, fremu 6 zimeshapita na Mario amesogea pikseli 15. Tofali moja lina pikseli 16. Unapomwona yuko ukingoni mwa shimo, ndani ya gemu ameshatumbukia.

Kwa hiyo shika rimoti kabla ya pedi ya gemu. Fungua menyu ya picha, chagua hali ya gemu. Nyingi huiandika "Game". Kama kulainisha mwendo bado kumewashwa, kuzime. Runinga nyingi huhifadhi mpangilio huu kwa kila tundu peke yake, hivyo ukihamisha waya, rudia.

Ukitaka uhakika, pima. Simu nyingi siku hizi hurekodi mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde. Isimamishe mahali inapoona kidole gumba chako na skrini kwa pamoja, bonyeza kuruka mara kadhaa, kisha ipitie video fremu moja moja, kuanzia kibonye kinapozama hadi Mario anapoinuka. Kila fremu ya simu ni kama milisekunde 4. Fanya hivyo hali ya gemu ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Tofauti utaiona kwa macho yako mwenyewe, na hutanihitaji mimi nikushawishi.

Upana wa picha ni jambo dogo: chagua 4:3. Mario hakuumbwa kitipwatipwa.

Kama unatumia mashine yenyewe ya gemu ya zamani kwa waya wa njano wa picha, kuna tatizo jingine. Runinga nyingi huidhania ishara yake kuwa ya matangazo ya kawaida, zikaunganisha fremu mbili kuwa moja. Dalili yake ni hii: mhusika akiumizwa, badala ya kupepesa, hutoweka kabisa au hujaa michirizi ya mlalo. Kibadilishi cha HDMI cha bei rahisi mara nyingi hurudia kosa hilohilo. Tafuta kilichobuniwa kwa mashine hizi hasa, kama RetroTINK yenye tundu la waya wa njano. Ni cha ghali, lakini kama una mashine zako na unazipenda, hapa ndipo pa kuweka fedha.

Wasio na mashine watumie emyuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, na sioni ubaya wowote. Mojawapo, RetroArch, ina uwezo wa kutangulia kukokotoa fremu zijazo ili kufidia ucheleweshaji. Anza na fremu 1 tu. Chagua toleo la gemu la hezi 60 (fremu 60 kwa sekunde), maana matoleo mengi ya Ulaya ya hezi 50 huenda polepole kwa takriban asilimia 17, muziki nao ukavutika. Halafu washa kichujio kinachoiga runinga ya chogo. Tazama maporomoko ya maji kwenye hatua ya kwanza ya gemu ya Sonic ya 1991: kwenye skrini kali ni mistari iliyosimama kama uzio, lakini kwa waya wa zamani mistari ile iliyeyukiana ikawa maji unayoweza kuona ng'ambo yake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo picha halali.

Bunduki ya Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata, iache. Ile ya asili inategemea mwanga wa runinga ya chogo.

Mwisho, kaseti za gemu. Usizipulize, unyevu wa pumzi huleta kutu. Sugua meno yake ya shaba kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, acha ikauke. Zile zinazohifadhi mchezo, kama The Legend of Zelda, zina betri ndani, na nyingi zimechoka. Nunua betri yenye namba ileile na vibati vya kuunganishia vilivyokwisha fungwa, kwani kuichomea risasi betri isiyo na vibati kunaweza kuipasua. Ukiitoa ya zamani, mchezo uliohifadhiwa utafutika, kwa hiyo unakili kwanza kama una kifaa cha kusomea kaseti. Ukishaweka mpya, hifadhi mchezo, zima mashine usiku kucha, kisha uangalie asubuhi kama bado upo.