Kadi za mkono za maumbo na wino: paka kwanza, kata baadaye

Anayeanza kutengeneza kadi za salamu mara nyingi hukata maumbo kwanza, kwa kuwa ndiyo kazi inayovutia, kisha huketi kuyapaka rangi. Hapo ndipo ua lililokatika vizuri hujikunja, petali nyembamba huchanika chini ya brashi, na kingo hulowa zikavimba. Karatasi inapopata unyevu hutanuka, na kipande kidogo hakina nguvu ya kuuhimili. Kwa hiyo paka karatasi ikiwa bado nzima, iache ikauke kabisa, ndipo uikate. Maelezo haya yanafuata mpangilio huo, na pale inapofaa kuuvunja tutasema.

Karatasi na mkunjo

Kadi ya msingi, ile inayokunjwa na kubeba kila kitu, itengenezwe kwa manila ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba. Ikiwa nyepesi zaidi hulala baada ya siku chache, hasa ukiibebesha mapambo mbele. Maumbo ya kukatwa hutoka vizuri kwenye karatasi ya gramu 160 hadi 220. Kazi yoyote ya maji inataka karatasi ya rangi za maji ya gramu 300. Usijaribu kuokoa hela hapa, kwa sababu karatasi laini ya kawaida hunyonya maji bila mpangilio, na sura yake huota vinyweleo ukipitisha brashi mara ya tatu.

Chukua karatasi ya A4 na uikate katikati ya urefu wake, milimita 148.5 kutoka ukingoni. Unapata vipande viwili vya milimita 210 kwa 148.5, na kila kimoja kikikunjwa kwenye milimita 105 kinakuwa kadi ya A6 inayoingia kwenye bahasha ya C6 (milimita 114 kwa 162). Karatasi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na mkunjo unaofuata nyuzi hutoka laini. Unaokata nyuzi hupasuka na kuonyesha weupe. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazokwenda na urefu, na mkato tuliouelezea unaufanya mkunjo uzifuate. Hata hivyo jaribu kwanza: ipinde karatasi kidogo bila kuikunja, upande huu kisha upande ule. Upande unaopinda kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi.

Kabla ya kukunja tia mfuo. Weka rula ya chuma kwenye milimita 105, pitisha kalamu ya wino iliyokwisha au kifaa chochote butu mara 2 kwa mkandamizo wa wastani, kisha kunja. Kuna jambo wengi hulifanya kinyume: mfuo unatakiwa ubaki nje ya kadi, na kile kituta kilichojitokeza upande wa pili kiingie ndani ya mkunjo. Ukikunja kwa kuufunika mfuo, nyuzi za nje huvutwa kupita kiasi na rangi hupasuka mgongoni.

Karatasi ya mbele, ile utakayoipamba, ikatwe milimita 99 kwa 142 mwishoni. Inabaki pambizo ya milimita 3 kila upande. Unapoipaka, lakini, iwe kubwa kuliko hapo kwa sentimita 1 au 2 kila upande. Kingo ndizo hupata madoa ya vidole na michirizi ya brashi, na utazikata zote.

Wino

Kuna wino wa aina mbili ambao usipoutofautisha utapoteza karatasi nyingi. Wa kwanza rangi yake imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi. Huzama kwenye karatasi, hukauka upesi, na ukiguswa na maji mara nyingi huamka tena. Wa pili rangi yake ni chembechembe zinazoelea, kama chokaa kwenye maji. Hukaa juu ya karatasi, hukawia kukauka, hufunika hata karatasi nyeusi, na kwa kawaida haupauki upesi kwenye mwanga. Kwenye karatasi inayong'aa wino huu wa pili unaweza kubaki ukichafua vidole kwa muda mrefu usipoukausha kwa hewa moto. Plastiki haipokei wowote kati ya hizo mbili. Yenyewe hutaka wino unaokauka kama spiriti.

Mbinu ya kufifisha rangi moja ndani ya nyingine hufanywa kwa wino wa aina ya kwanza, na ndiyo inayofaa kujifunza kabla ya nyingine zote. Unahitaji brashi laini yenye nywele nyingi fupi, au sponji, moja kwa kila familia ya rangi. Bandika karatasi mezani kwa tepu ya karatasi isiyoshika sana. Gusisha brashi kwenye pedi ya wino, kisha ianze kuzunguka *nje* ya karatasi, mezani au kwenye kipande cha kutupa, uingie ndani taratibu kwa miduara midogo na mkono mwepesi. Mguso wa kwanza ndio unaoacha wino mwingi kuliko yote. Ukiutua katikati ya karatasi umeweka doa la duara ambalo hakuna kusugua kutakakoliondoa.

Anza na rangi nyepesi. Njano kwanza, chungwa ipande juu yake nusu, pinki ipande juu ya chungwa. Ukimaliza rudi na njano kwenye mpaka wake ili kulainisha mshono. Rangi zilizo jirani huchanganyika kwa amani: njano na chungwa, buluu na zambarau, buluu na kijani. Zinazokabiliana, yaani njano na zambarau, nyekundu na kijani, buluu na chungwa, hutoa kahawia ya tope zikikutana zikiwa mbichi. Ukizitaka zote mbili kwenye kadi moja acha utupu mweupe kati yao, au weka rangi ya tatu iwe daraja.

Rangi ikitoka mabaka, usiongeze wino papo hapo. Karatasi iliyolowa hailingani na iliyo kavu, na unaposugua unazing'oa nyuzi. Iache dakika 10, kisha rudi kwa brashi yenye wino kidogo. Mabaka yakiwa yaleyale mahali palepale, hayo ni mafuta ya vidole, nayo hayatoki: kata umbo lako mbali napo.

Juu ya rangi hiyo iliyokauka unaweza kurusha maji. Chovya ncha za brashi ngumu, zivute kwa kidole ili matone yaruke, subiri sekunde 30 hadi 60, kisha kandamiza kitambaa kikavu moja kwa moja chini na uinue. Usifute. Maji yameiamsha rangi na kitambaa kimeinyonya, panabaki madoa mepesi kama mvua kwenye vumbi. Kwa wino wa chembechembe uliokwisha kukauka hutapata kitu.

Anayetaka sura ya rangi za maji bila kujua kuchora afanye hivi: gonga pedi ya wino mara 2 au 3 kwenye karatasi ngumu ya plastiki, puliza maji kwa chupa ya dawa hadi wino ukusanyike matone matone, kisha lalisha karatasi ya gramu 300 juu yake na uinue. Kausha kabisa, ulaze tena penye wino uliobaki. Kukausha kati ya awamu ndiko kunakoleta tabaka zenye kingo safi. Asiyesubiri hupata rangi moja iliyochoka.

Mbinu ya mwisho ni ya unga unaoyeyuka kwa joto, na hapa mpangilio una sheria yake. Pangusa karatasi kavu kwa poda kidogo ili unga usishike pasipotakiwa. Piga mhuri kwa wino mwangavu unaonata, mwaga unga, gonga karatasi kwa nyuma, rudisha unga uliobaki kwenye kopo. Kifaa cha hewa moto kiache kipate joto sekunde kadhaa kabla ya kukielekeza kwenye kadi, kisha kishike sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye karatasi ukikisogeza. Unga unageuka kutoka chengachenga hadi kung'aa. Pale ung'aapo ondoka mara moja, kwa maana ukizidisha joto unazama ndani ya karatasi na kuacha alama bapa ya mafuta. Draya ya nywele haifai: joto lake halitoshi na upepo wake hupeperusha unga. Baada ya hapo ndipo upake rangi, kisha pangusa mistari iliyoinuka kwa tishu kavu, nayo itabaki bila rangi hiyo. Ukianza na rangi, unga utashika kila mahali penye unyevu, na utaonekana kama chunusi kadi nzima.

Kukata

Kikatio ni kibati chembamba cha chuma chenye makali ya umbo upande mmoja. Mashine ya kukikandamizia kwenye karatasi ni roli mbili zinazozungushwa kwa mpini, huna haja ya ya umeme. Mpangilio wa kawaida kutoka chini: bamba la msingi, bamba la plastiki, karatasi, kikatio makali yakiitazama karatasi, bamba la pili la plastiki. Mashine hutofautiana unene wa mabamba, fuata mpangilio wa yako. Zungusha mpini taratibu. Mlio wa plastiki kukwaruzika ni wa kawaida. Mpini ukigoma kabisa usiulazimishe: rudi nyuma, punguza karatasi ikiwa umepanga zaidi ya moja, jaribu tena.

Kikatio chenye ukingo mrefu ulionyooka, kama mstatili, kiweke kimshazari kidogo. Kikiingia sambamba na roli ukingo wote huumwa kwa pigo moja, na mashine ndogo hukwama hapo. Kishikilie kwa vipande viwili vidogo vya tepu ya karatasi ili kisiteleze. Tepu uibandike kwanza kwenye nguo mara moja kuipunguza gundi, la sivyo itaondoka na ngozi ya karatasi.

Sehemu ya katikati ikikataa kukatika wakati kingo zimekatika, kosa mara nyingi haliko kwenye makali. Roli za mashine ndogo hupinda kidogo katikati zinapokandamiza. Sogeza kikatio upande mmoja wa bamba, au ongeza karatasi ya printa ya gramu 80 juu ya bamba mahali panapogoma tu. Umbo lenye matundu madogo mengi lipitishe mara 2. Kati ya kikatio na karatasi weka karatasi ya nta, na umbo litatoka bila kuchokonolewa. Mabaki yaliyong'ang'ania yatoe kwa sindano kupitia vitundu vya nyuma ya kikatio.

Mabamba ya plastiki hupinda kama upinde usipoyajali, kwa kuwa upande unaokatiwa hutanuka. Geuza juu chini kila baada ya mpito mmoja. Yakishapinda kwenye pembe, kingo za kikatio hazikandamizwi sawa na utadhani kimechakaa.

Sasa ile ruhusa ya kuvunja kanuni. Umbo likiwa limekatwa na bado limekaa ndani ya kikatio, unaweza kulipaka kupitia uwazi wake. Chuma kinashikilia kingo zisikunjike na kinaacha utepe mweupe mwembamba kuzunguka umbo, ambao hakuna mkono unaoweza kuuchora. Vilevile, karatasi yenye moyo mweupe huonyesha kingo nyeupe baada ya kukatwa, na hapo pitisha sponji yenye wino kidogo sana ukingoni. Usitupe karatasi iliyobaki na tundu: ni kiolezo kizuri cha kupakia rangi.

Asiye na mashine atumie kisu chenye ncha na mkeka wa kukatia. Akate matundu ya ndani kwanza, ukingo wa nje mwisho, na kwenye mapindo ageuze karatasi badala ya kisu.

Kubandika

Gundi nyeupe ya maji ina unyevu, na tumeshaona unyevu unafanya nini. Weka vitone vidogo kwa ncha ya kijiti, usipake utandu mzima. Kwa karatasi ya mbele iliyo bapa tepu ya pande mbili ni salama zaidi, ila haitoi nafasi ya kurekebisha. Kitone kimoja cha gundi katikati ya tepu hukupa sekunde chache za kusogeza. Maneno membamba kama "Hongera" hayabandikiki kwa vitone bila kuchafuka. Bandika karatasi yenye gundi pande mbili nyuma ya manila kabla ya kuikata, na kila herufi itatoka na gundi yake.

Neno moja la manila ya gramu 250 hupotea kwenye rangi. Likate mara 3, bandika juu kwa juu, unapata unene wa karibu milimita 1 wenye kivuli chake. Ni kazi ya dakika chache na hakuna pambo la kununua linalolishinda. Tepu ya sponji huinua zaidi, lakini iwekwe hadi karibu na kingo, maana katikati pekee kadi ikikandamizwa ndani ya bahasha pembe hukunjika.

Ndani ya kadi ya rangi nzito bandika karatasi nyeupe ya gramu 100 hadi 120, milimita 95 kwa 138, kwa utepe mmoja wa gundi upande wa mkunjo tu. Ikibandikwa pande zote huvuta kadi na kuipinda. Andika ujumbe kwenye karatasi hiyo kabla ya kuibandika, ili kosa la kalamu ligharimu karatasi na si kadi. Kadi bapa ikae chini ya vitabu usiku mmoja. Yenye tepu ya sponji iache wazi, gundi ikauke, kisha uitie kwenye bahasha uso wake ukielekea upande wa anwani wa bahasha, usiokuwa na mshono.