Jinsi ya kupinga sheria ya unyanyasaji mtandaoni katika Mahakama Kuu ya Kenya

Ukishtakiwa kwa ulichochapisha mtandaoni, usiishambulie sheria nzima. Fungua tovuti ya Kenya Law, usome kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 neno kwa neno, pamoja na marekebisho ya 2025. Aya (a) inahusu kumtia mtu hofu ya kushambuliwa au kuharibiwa mali. Hiyo iache: wanaotishiwa kuuawa wanaihitaji. Shida iko katika (b) na (c), yaani ujumbe "unaomwathiri vibaya" mtu au "wenye kuudhi mno". Mwandishi atajuaje mapema amevuka mpaka? Na adhabu inafika miaka 10 jela, faini ya shilingi milioni 20, au vyote viwili.

Nguzo yako ni kesi ya Geoffrey Andare, aliyeshtakiwa kwa chapisho la Facebook. Tarehe 19 Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alikibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa kuwa maneno yake hayakufafanuliwa na yalikuwa mapana mno. Maneno ya kuudhi mno yamo humo pia; yapange maandishi ya vifungu hivyo viwili kwenye jedwali, jaji ayaone ubavu kwa ubavu. Kisha kabiliana na hukumu ya 20 Februari 2020, iliyolikataa ombi la chama cha wanablogu dhidi ya sheria ya 2018. Ukiificha, Mwanasheria Mkuu, anayeitetea serikali, ataitoa. Kagua pia maamuzi ya rufaa, maana hayo yanaibana Mahakama Kuu.

Maombi mengi huanguka kwa kutaja haki kijumla. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, lazima useme ni ibara ipi ya Katiba imevunjwa na imevunjwa vipi: 33 kwa uhuru wa kujieleza, 50(2)(n) kwa kosa lisiloeleweka, 24 kwa mipaka ya haki. Onyesha pia kwamba ujumbe wako si uchochezi wala chuki, kwani kwa Ibara ya 33(2) hayo hayalindwi.

Ambatanisha hati ya mashtaka na chapisho zima, si kipande, pamoja na cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Picha ya skrini bila cheti hupingwa mara moja.

Siku hiyohiyo omba, chini ya Ibara ya 23, amri ya muda ya kusimamisha kesi ya jinai. Mwanasheria Mkuu ana siku 14 za kujibu baada ya kukabidhiwa ombi. Akidai waathiriwa watakosa kinga, mjibu kwa Ibara ya 24(1)(e), inayouliza kama kuna njia isiyobana haki kiasi hicho: aya (a) inabaki, kuna kesi ya madai ya kashfa, na kifungu cha 27 chenyewe kinamruhusu mwathiriwa kuomba amri ya kumzuia anayemsumbua.