Mdoli wa kauri umetoka kwenye belo: soma shingo kwanza, bei baadaye

Hapa Mlango Mmoja, soko la mitumba Mwanza, belo la midoli likifunguliwa, kila mtu anagombania ile ya plastiki inayoongea. Ya kauri inabaki chini, mizito, imevaa magauni ya lesi kama bibi harusi wa zamani. Mimi ndiyo ninayoichukua. Naikagua hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kauri

Gusisha uso wa mdoli shavuni kwako. Kauri ina ubaridi hata saa saba mchana. Kisha mgonge paji la uso kwa ukucha: utasikia mlio wa kikombe cha chai. Usitafute mng'ao, maana nyuso nyingi hazipakwi maji ya kung'arisha, makusudi, ili zifanane na ngozi. Na ukikuta kichwa na mikono ni kauri lakini tumbo ni kitambaa, usidhani umechakachuliwa. Midoli mingi ya miaka ya 1980 na 1990 ilitengenezwa hivyo.

Hatua ya 2: Soma shingo

Hapa usiwe na haraka. Inua nywele za kisogoni polepole. Ni wigi la kugundisha, ukilivuta linakuja lote. Alama huwa kisogoni, shingoni au mabegani chini ya gauni. Herufi zikiwa hafifu, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue kwa penseli, zitatokea zenyewe.

Ukikuta Ashton-Drake, Franklin Mint au Danbury Mint, hizo ni kampuni za Marekani zilizouza midoli ya mkusanyo kwa posta. Mwaka ulioandikwa mara nyingi ni wa haki ya ubunifu, kwa hiyo mdoli wenyewe unaweza kuwa umetengenezwa baada ya mwaka huo.

Ukikuta Jumeau wa Ufaransa au Armand Marseille wa Ujerumani, moyo utaruka. Utulize. Majina hayo makubwa ya zamani yamenakiliwa sana na mafundi wa kujifurahisha, wengine pamoja na alama zake. Mwangalie mwili: ya kale huwa na mwili wa ngozi, au wa rojo la karatasi na vumbi la mbao lililokaushwa, wenye viungo. Tumbo la kitambaa lililojaa nyuzi za poliesta halikushonwa karne ya 19. Gauni lisikuhukumie peke yake, nguo hubadilishwa.

Hatua ya 3: Tafuta cheti na boksi

Mdoli wangu wa kwanza wa maana ulikuja na boksi na kadi ngumu yenye namba. Boksi nikampa jirani awekee vitunguu, kadi nikawashia jiko. Wiki ileile mteja akauliza, "Dada, cheti chake kiko wapi?" Nikauza nusu ya bei niliyotaka.

Namba ya cheti ilingane na ya shingoni. Neno "toleo maalumu", yaani lenye kikomo, lisikulevye: kampuni nyingine zilihesabu siku za kuchoma udongo tanuruni, si idadi ya midoli, na tanuru moja kwa siku linatoa mingi.

Hatua ya 4: Nyufa

Mulika tochi ya simu kutoka pembeni, zungusha kichwa, angalia hasa vidole na shingo. Kauri iliyopasuka inalia bubu ukiigonga. Ufa usioonekana kwa macho, ukucha unakwama hapo.

Hatua ya 5: Bei

Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chuja upate vilivyokwisha kuuzwa. Bei anayotaka muuzaji ni ndoto yake tu. Utakuta mingi ya miaka ya 1990 inauzwa chini ya bei yake ya mwanzo, kwa sababu ilitengenezwa kwa wingi na wenyewe waliitunza, haikupotea. Halafu piga hesabu ya posta kutoka Mwanza: mdoli mzito, dhaifu, unaohitaji boksi mbili. Mara nyingi posta inameza faida yote. Mimi nauza hapahapa, kwa watu wa kupamba sebule, na wao wanauliza uso kabla ya jina.

Ukisubiri mteja, usiufungie kwenye mfuko wa nailoni. Unyevu wa ziwa unaingia kwenye lesi na kuiacha na madoa ya ukungu.

Uliovunjika kichwa nao nauchukua, kwa ajili ya viatu. Viatu vyote naviweka kwenye kopo la Blue Band, na mdoli ukija peku, navitafuta humo.