Kutoka Jukwaa la Urembo hadi la Misuli: Namna ya Kujiandaa

Mrembo anayehamia kitengo cha bikini, kile cha wanawake wenye misuli ya wastani, kwenye mashindano ya kutunisha misuli huja na mtaji: taa hazimtishi na mchuchumio ameshauzoea. Mengine inabidi ajifunze upya, kwa sababu majaji wa huku wanatafuta kitu kingine.

Kwenye urembo, kujieleza kuna alama. Miss World iliachana na raundi ya vazi la ufukweni baada ya shindano la 2014, Miss America ikatangaza hivyo hivyo 2018, lakini mahojiano yamebaki. Kwenye misuli huulizwi swali. Mnapangwa mstari, mnageuka robo kwa robo, na jaji anatazama mabega yako na ya aliye pembeni yako, kisha anaandika nafasi: wa 1, wa 2, wa 3. Nafasi hizo zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi.

Anza na chakula wiki 16 kabla. Lenga kupungua kati ya asilimia 0.5 na 1 ya uzito kwa wiki. Mwenye kilo 60 apungue gramu 300 hadi 600, asizidishe. Protini iwe kama gramu 2 kwa kila kilo, yaani gramu 120 kwa siku: mayai 3, kifua cha kuku kilichopikwa gramu 200, dagaa wakavu gramu 30 na bakuli la maharage vinakufikisha karibu na hapo. Vyuma beba mara 4 kwa wiki, mabega na makalio yakipewa kipaumbele. Anayeacha vyuma akabaki kukimbia tu hupoteza mafuta pamoja na misuli. Hedhi ikikatika, chakula hakitoshi: ongeza, na umwone daktari.

Usipunguze mafuta ya mwili kupita kiasi. Bikini haitaki misuli iliyochongeka hadi mishipa itokeze. Wengi hushushwa nafasi kwa sababu hiyo huku wakidhani wamefanya kazi nzuri kuliko wote.

Pozi ndipo warembo wengi wanapoangukia. Mwendo wa urembo unateleza, hausimami. Huku unasimama na kukaza. Mbele: mguu mmoja utangulie kidogo, nyonga moja isukumwe pembeni, mbavu juu, tumbo limebanwa, mabega yamefunguka. Nyuma: miguu karibu, kiuno kipinde kidogo, uso utazame ukuta wa nyuma, usichungulie majaji. Shikilia kila pozi sekunde 60 bila kubana pumzi, dakika 20 kila siku kuanzia wiki ya 8. Asiyezoea, mapaja humtetemeka majaji wakiita kundi lake mara ya pili, na tabasamu huondoka hapo hapo.

Rangi ya jukwaani, ile inayopakwa mwilini ili ngozi ikolee, inamhusu hata mwenye ngozi nyeusi, maana taa kali hufuta vivuli na kuonyesha mabaka. Nyoa siku 2 kabla, sugua ngozi siku moja kabla, kisha usipake mafuta, losheni wala marashi ya kwapa. Marashi yakikutana na rangi, kwapa hugeuka kijani, na kila unaponyanyua mkono kila mtu anaona. Paka tabaka la kwanza usiku, la pili asubuhi, uache likauke kabisa huku umevaa nguo pana za rangi nyeusi. Lalia shuka la zamani.

Vazi na urefu wa kisigino hutegemea shirikisho linaloandaa shindano, hivyo soma kanuni zao kabla ya kumlipa fundi.

Wiki ya mwisho, usikate maji na usiguse dawa za kukojosha. Mtunisha misuli Mohammed Benaziza alifariki 1992 saa chache baada ya shindano, na dawa hizo zikahusishwa na kifo chake. Hata kwa macho hazisaidii: wanga unaohifadhiwa kwenye misuli hukaa pamoja na maji, mara 3 hivi ya uzito wake, kwa hiyo ukikauka misuli hunywea. Kula wali au viazi vitamu zaidi kidogo siku ya mwisho, na maji kunywa kama kawaida, ukipunguza mafundo saa moja tu kabla ya kuitwa.