Kabla ya kumwacha mtoto kituoni

Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na sheria inaruhusu kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Aliyeianza mapema hivyo hurudi kazini mtoto akiwa na wiki nane tu. Kwa hiyo anza kutafuta kituo cha kulelea watoto mchana zikiwa zimebaki siku 30: wiki mbili za kuzunguka, mbili za kumzoeza mtoto.

Afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri atakuambia kama kituo kimesajiliwa. Usajili pekee hautoshi. Muulize pia mwenye genge au fundi cherehani aliye jirani na kituo, maana yeye husikia watoto wanavyolia na walezi wanavyowajibu.

Nenda bila taarifa, tena mara mbili. Asubuhi karibu kila kituo kinapendeza. Sakafu imepigwa deki na walezi wana nguvu. Nenda saa saba mchana watoto wanapolala, kisha saa kumi na moja jioni walezi wakiwa wamechoka. Hiyo ya saa saba ndiyo muhimu zaidi. Tazama kama kuna mlezi aliye macho chumbani. Vichanga wawe wamelazwa chali, bila mto wala blanketi zito usoni. Hesabu: kwa walio chini ya mwaka mmoja, mlezi mmoja akizidisha watoto wanne hawezi kuwalisha na kuwabadilisha nepi kwa wakati. Ukikuta chumba kizima kimelala fofofo, hata wenye miaka mitatu, uliza moja kwa moja kuhusu dawa. Wapo walezi wanaowapa watoto piritoni au dawa nyingine ya mafua ili walale, na dawa hizo zinaweza kudhoofisha pumzi ya mtoto mdogo. Kituo kizuri hakimpi mtoto dawa yoyote isipokuwa uliyoileta wewe, ukaandika kipimo na saa.

Kisha ingia jikoni na chooni. Jiko liwe nyuma ya mlango unaofungwa. Ndoo na madiaba yawe na mifuniko: mtoto anayejifunza kutembea akitumbukia kichwa hawezi kujinasua, hata maji yakiwa kidogo. Ukikatazwa kuingia, aga uondoke.

Ada, chakula na faini ya kuchelewa viandikwe kwenye karatasi. Andikeni pia majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Dereva wa bodaboda asiye kwenye orodha asikabidhiwe, hata akitaja jina lako.

Kwa anayenyonyesha, tunashauri kituo cha karibu na kazini kuliko cha karibu na nyumbani, kwa kuwa sheria inampa hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ndani ya muda wa kazi. Maziwa uliyokamua yaandikwe jina na saa. Nje ya friji hukaa saa nne kama joto halizidi nyuzi 25, na Dar es Salaam mara nyingi linazidi, kwa hiyo yabebe kwenye kikapu chenye barafu na yaingie kwenye friji mara moja. Yapashwe kwa kuzamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu, siyo kwa kuyabandika motoni.

Siku ya kwanza mwache saa moja, ya pili mbili, ya tatu hadi baada ya chakula. Weka alama ndogo ya kalamu kwenye nepi ya asubuhi. Ukiikuta jioni, hakubadilishwa kutwa nzima. Kilio cha asubuhi wiki ya kwanza ni cha kawaida. Usingizi mzito usioisha jioni, kushtuka akiguswa, au alama mwilini isiyo na maelezo si vya kawaida: mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kisha mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, isiyo na malipo.