Kuosha Peugeot 404 Ambayo Bado Imevaa Rangi ya Kiwandani

Somo hili ni kwa wenye magari ya zamani ambayo hayajawahi kupakwa rangi upya. Mfano wangu ni Peugeot 404, gari ambalo wengi wetu tulipakiwa ndani yake utotoni. Lilianza kutengenezwa Sochaux, Ufaransa, mwaka 1960, kwa umbo lililochorwa na Pininfarina, kampuni ya Italia ya kubuni magari, na likashinda Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Kwa sifa hizo, kila anayelirithi hutamani kuliona liking'aa, na hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Langu nilirithi kwa baba mdogo. Kijana wa sehemu ya kuoshea magari alinishauri tulipitishe mashine ya kupigia polishi, nami nikakubali. Alipofika kwenye pezi la nyuma, yaani ncha ya bodi iliyochomoza kama pezi la samaki, kabla sijamaliza kumwambia apunguze kasi, ulitokea mstari wa kijivu wenye urefu wa kidole: ilikuwa praima, rangi ya msingi inayopakwa kwanza. Rangi ya miaka ile kwa kawaida ni ya tabaka moja, haina klia (tabaka angavu la kinga) juu yake, na kwenye kingo kali kama za mapezi hayo huwa nyembamba kuliko mahali pengine popote. Kila unachosugua ni rangi yenyewe.

Hatua ya 1: Kagua gari likiwa kavu. Lisogeze kivulini, ulipige picha pande zote, kisha ubandike tepu ya karatasi pembeni mwa kila mahali penye nyufa au malengelenge, bila kuigusisha rangi iliyolegea. Maji yakipenya kwenye ufa, kutu huanza chini kwa chini. Zingatia pia stika za zamani na alama za chaki au rangi chini ya boneti, kwa sababu huenda ziliwekwa na mafundi wa kiwandani na hazina badala.

Hatua ya 2: Jaribu mahali pa siri. Chagua sehemu ndogo ya sentimita 5 kwa 5 ndani ya buti, uifute kwa pamba nyeupe yenye unyevu. Pamba ikichukua rangi kidogo, usishtuke. Ndivyo ilivyo rangi ya tabaka moja. Yakitoka magamba, usioshe kwa maji hata kidogo, bali tumia brashi laini tu.

Hatua ya 3: Osha. Vumbi jekundu la barabara kama za Voi ni msasa, kwa hiyo liondoe kwa maji yanayotiririka taratibu kabla kitambaa hakijagusa bodi. Mashine ya maji ya presha isilikaribie gari hili. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi, ambayo yakikauka huacha madoa meupe. Andaa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, ukianzia paani na kushuka, sehemu moja baada ya nyingine, kwa mistari iliyonyooka wala si kwa kuzungusha mkono. Sabuni ya unga na ya vyombo ziache jikoni. Ukimaliza, fungua milango na uzibue kwa kijiti matundu ya kutolea maji yaliyo chini yake, kwani 404 nyingi zimeliwa na kutu kuanzia hapo.

Hatua ya 4: Ilishe rangi iliyochujuka. Rangi iliyokufa kwa jua huwa kama chaki, na wengi hukimbilia kompaundi, polishi yenye chembe za kusugua. Mimi hupaka kwa mkono polishi ya mafuta isiyo na chembe za kusugua, nikaiacha usiku kucha, asubuhi nikaifuta kwa pamba safi, kisha nikapaka nta. Kingo naziruka. Mng'ao utakaopata ni wa utulivu, si wa kioo, nao unatosha.

Hatua ya 5: Sehemu nyingine. Kromu ya bampa isugue polepole kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji. Injini isafishe kwa brashi ya kupakia rangi na kitambaa chenye tapentaini kidogo. Usitumie tina, maana huyeyusha rangi. Kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi funga kipande cha chandarua, ili nyuzi za viti zilizochakaa zisifyonzwe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Fundi wangu hufuta bodi kwa dizeli na linang'aa sana. Kuna ubaya?*

Marahaba. Kinachong'aa ni mafuta, si rangi. Yatanasa vumbi, utalifuta, na kila ufutapo utakuwa unasugua mchanga. Dizeli pia huvimbisha na kulegeza mipira ya milango.

*Mimi niko Tanga, karibu na bahari. Nilifunike kwa turubai?*

Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani. Tumia kifuniko cha pamba, gari likiwa chini ya paa, na usuuze chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, kisha uliache likauke kabisa.

*Kuna kutu kwenye fenda, ukubwa wa sarafu. Nipige msasa?*

Usipige msasa mkavu, kaka, kwa kuwa rangi za wakati ule huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Pagusie nta ya kuzuia kutu, upige picha, ulinganishe baada ya miezi 3. Ikiwa doa halikui, liache.

*Mlangoni kwa dereva, chini ya dirisha, rangi imeisha kwa kiwiko cha marehemu babu. Niiguse kidogo kwa rangi mpya?*

Paka nta tu.